Siku Njia Ilipokataa Kulala

Dereva wa chama cha magari cha Ukunda aliweza kuvunja sheria zote za barabarani kabla ya chai ya asubuhi, kisha akakuapia kwamba hakuona kitu. Lakini palikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi wao aliishika. Mwanachama akifa, njia hulazwa. Hivyo ndivyo walivyosema: kulaza njia. Magari yote, tangu Likoni hadi Msambweni, huacha abiria na kwenda msibani kubeba waombolezaji bure, mpaka marehemu azikwe. Aliyekuwa na safari yake siku hiyo atajua mwenyewe. Atembee, atafute bodaboda, au arudi kwake akalale, maana njia yenyewe imelala.

Sheria hiyo aliianzisha Luqman Chirau wa Bongwe, zamani alipokuwa kijana mwenye gari moja na maneno ya magari kumi. Utingo wao mmoja, mtu wa mbali asiye na shangazi wala binamu upande huu wa kivuko, alifariki ghafla, na siku ya maziko wakaonekana watu wa kuhesabika kwa vidole wakihangaika na jeneza. Luqman aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyemwua. Akasimamisha magari barabarani, akateremsha abiria, akapakia soko zima la Ukunda na kulipeleka makaburini. Tangu siku ile mtu wa chama akifa alizikwa kama sultani, awe na mali au awe hana hata shuka ya kujifunika. Watu waliipenda sana sheria hiyo, hasa wale ambao hawakuwa na safari.

Subira, dada yake Luqman, naye aliipenda, mpaka siku alipokutana na Kadzo. Wakati huo Subira alikuwa na kibanda cha chai hapo steji ya Ukunda, na gari moja aliloachiwa na marehemu mumewe. Njia ilikuwa imelala. Akashuka mwanamke kutoka Kinango, mgongoni kambeba mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, anampeleka kliniki Msambweni. Lori la mchanga lilimtoa Kombani, alikoshushwa na gari la chama cha kule, ambacho hakikuwa na habari ya misiba ya Ukunda wala hakikutaka kuwa nayo. Akakaa kungoja gari la kumpeleka mbele. Akakaa mpaka jioni. Mwishowe Subira alimchukua kwake, na usiku kucha mtoto akawa analia maumivu ya mifupa, sauti ikipungua kidogo kidogo, na huko kupungua ndiko kulikowatisha. Asubuhi waliwahi, na mtoto akapona, alhamdulillahi. Lakini Subira hakuisahau sauti ile. Kila njia ilipolazwa tena alikuwa akijikuta anawatazama walioachwa pale steji, mmoja mmoja, akijiuliza nani ana nini mgongoni.

Baadaye kisukari kilimla Luqman macho, naye akamwachia dada yake uenyekiti wa chama. Wanaume wawili watatu walinung'unika kwamba magari yamekabidhiwa mtu wa mandazi. Wakanyamaza walipokumbuka kwamba hayo mandazi wanayala kila siku na hawajawahi kuyalalamikia. Ukweli ni kwamba Subira alikiendesha chama vizuri, kwa ukali pale panapotaka ukali na kwa chai pale panapotaka chai.

Ndipo likaja jambo la kuunganishwa. Vyama vilikuwa vitatu: magari ya Ukunda yaliyofuata barabara kuu, magari ya Kinango yaliyoshuka mpaka Kombani, na tuktuk za Diani na Galu zilizobeba wafanyakazi wa mahoteli. Kila chama kiliwaona wenzake kuwa ni wezi wenye leseni. Mtu wa Kinango mwenye shida zake Msambweni alishuka Kombani, akagombewa na utingo, akashuka Ukunda, akagombewa tena, na alipofika alikuwa amesahau alichokifuata. Serikali ya kaunti ikaleta pendekezo: kiwe chama kimoja cha eneo zima, mstari mmoja wa buluu ubavuni mwa kila gari, tiketi moja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na magari yaondoke kwa ratiba, yamejaa yasijae. Gari kuondoka bila kujaa! Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu.

Walikutana Kwale mjini, katika ukumbi wenye feni iliyozunguka kwa hiari yake. Upande wa Kinango alikuja Rai, mwenyekiti wao, mfugaji mrefu mwenye maneno machache. Kila mtu alidhani vita vitakuwa juu ya nauli. Nauli ilikwisha kabla ya chakula. Vita vilikuwa juu ya kulaza njia.

"Sisi kwetu mtu hukaa wiki hajazikwa," alisema Rai. "Hatujawahi kumsimamisha mgonjwa juani kwa ajili ya mtu ambaye hana haraka tena. Mimi nitaungana nanyi, dada yangu Subira, lakini siku njia hiyo itakapolazwa, hata kwa saa moja, magari yangu yatarudi Kinango na hamtayaona tena."

Ofisa aliyeletwa kusimamia mazungumzo, binti mmoja wa bara aitwaye Caroline, alikuwa na haraka ya kumaliza. "Mama, hii maneno ya kulaza barabara haiwezi kaa kwa ratiba," alisema. "Tutoe tu, si ndiyo?" Alisema kwa wema, kama mtu anayekuondolea uzi begani. Hakujua anagusa nini. Subira alijua. Alimkumbuka Luqman, akamkumbuka mtoto wa Kadzo.

"Tutoe," alisema.

Habari ilimfikia Luqman kabla dada yake hajashuka garini. Subira alimkuta barazani kwake Bongwe, fimbo katikati ya magoti, uso umeelekea barabara ambayo haioni tena vizuri.

"Shikamoo, kaka."

Luqman hakuitikia, na kwa mtu wa malezi yake hilo lilikuwa kofi. "Nimesikia umeuza msiba wetu," alisema.

"Sikuuza. Kaka, ungemsikia mtoto yule..."

"Nimemsikia miaka yote hii kwa kinywa chako. Mtoto alipona. Wangapi tumewazika kwa heshima, wasio na mtu? Nijibu, Subira. Na mimi nikifa, utanizika kwa ratiba?"

Subira tangu utotoni hakuwahi kukosa jibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa lake. "Ikibidi, kaka," alisema, "nitakuzika kwa ratiba." Alijuta kabla ulimi haujarudi mahali pake. Lakini neno likishatoka ni kama jiwe lililorushwa, huliambii lirudi. Luqman aliinuka, akapapasa mlango, akaingia ndani.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Watu wa Bongwe walichukua majembe yao, wakalima, wakangoja siku ya kuchukua makapu. Siku hiyo haikuja. Subira alimpelekea kaka yake chakula kila Ijumaa, pilau au wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kila mara sahani ilirudi imeoshwa na tupu. Kwetu pwani sahani ya mtu hairudishwi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata chumvi. Luqman, aliyemfundisha dada yake adabu hiyo, alizirudisha tupu, naye Subira alizipokea na kuzipanga kabatini bila kumwambia mtu.

Chama kipya kilianza. Magari yakapakwa mstari wa buluu na Kinango ikakutana na Msambweni kwa tiketi moja. Madereva waliocheka walijikuta wakiondoka na viti vitupu wiki ya kwanza, kisha watu wakazoea kwamba gari likisema saa hii ni saa hii, wakaanza kuliwahi. Subira alilala usingizi mwema kuliko miaka mingi iliyopita, isipokuwa usiku wa Ijumaa.

Luqman alifariki alfajiri moja, akiwa ametia udhu. Hakuugua kwa kishindo. Ummi, mkewe, alimsikia akikohoa, kisha hakumsikia. Alipopigiwa simu, Subira alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akavaa buibui yake, na njiani kwenda Bongwe hakuweza kufikiri jambo lolote ila sahani tupu.

Alikuta mikeka imekwisha kutandikwa na Ummi yuko ndani katikati ya wanawake. Ilikubaliwa haraka: aoshwe hapo Bongwe, apelekwe Msambweni kwenye nyumba ya mama yao, aswaliwe baada ya Alasiri na azikwe karibu na mama. Halafu Kheri akaja mlangoni. Kheri alikuwa dereva mkongwe kuliko wote, aliyefundishwa gari na Luqman na kuozeshwa mke na Luqman. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Makiwa, Bi Subira."

Subira alimpa mkono. Akajua linalokuja.

"Tunalaza njia," alisema Kheri. Hakuuliza.

Wanawake waliinua vichwa, hata aliyekuwa akilia. Subira alitazama mkeka. Akisema ndiyo, Rai atayaondoa magari yake kabla ya adhuhuri, na chama kitakufa siku moja na aliyekipinga. Akisema hapana, kila mtu hapa atasema Subira alimtupa nduguye wa tumbo moja, na yeye mwenyewe hataweza kuwaambia kwamba wanasema uongo.

"Njia haitalala, Kheri," alisema. "Magari yatakwenda kwa ratiba. Wenye kwenda kuzika watapanda humo humo."

Kheri hakugombana naye. Ingekuwa afadhali. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka juu ya mkeka mbele ya magoti ya Subira, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Basi, gari langu utaliendesha mwenyewe," alisema. Akatoka, akaketi nje na wanaume.

Madereva wengine, wenye kuogopa zaidi au wenye njaa zaidi, walikwenda kazini. Na hapo likatokea jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya Subira, wala ya Caroline, wala ya yeyote aliyeketi chini ya ile feni. Misikiti ilitangaza msiba. Simu zikapigwa, Likoni ikaiambia Waa, Waa ikaiambia Kinango. Luqman Chirau, mwenye kuanzisha kulaza njia, amefariki. Basi kila mtu akajua, bila kuuliza, kwamba leo hakuna gari. Wachuuzi wa Kombani walirudisha matenga yao ndani. Wafanyakazi wa mahoteli ya Galu walishika njia kwa miguu huku wakimwombea marehemu rehema na kuisikitikia miguu yao. Steji zikawa tupu. Na magari ya mstari wa buluu yakapita kwa wakati, moja baada ya jingine, safi, bila mtu.

Pale Bongwe kilichotokea kilikuwa kioja kikubwa zaidi. Waombolezaji walijaa ukingoni mwa barabara, wanaume kwa kofia zao na wanawake kwa leso, wakingoja magari ya msiba yaje kuwachukua. Gari likaja, likasimama, utingo akasema, "Msambweni, twende." Wakamtazama kama aliyetukana. Nani amewahi kupanda gari la abiria kwenda kuzika? Nani amewahi kulipa nauli ya kumsindikiza maiti? Gari likaondoka tupu. Wakaendelea kungoja magari yale yale yaliyokuwa yakiwapita puani.

Simu ya Subira ililia. Alikuwa Rai. Alianza na makiwa na pole, akamtaja marehemu kwa heshima, akauliza hali ya mjane, kama inavyopasa. Kisha akasema:

"Dada yangu, ninyi mmelaza njia?"

"Hatukulaza, Bwana Rai. Wallahi hatukulaza."

"Nami naona magari yanakuja huku. Lakini watu wangu wako majumbani. Nimewaambia njia iko macho, hawaniamini. Wananiambia, Luqman akifa na njia isilale, basi italala kwa nani?" Kisha akaongeza: "Yuko mama mmoja hapa jirani, ana mtoto wa kliniki leo. Amekwisha kumvua mtoto viatu."

Subira hakuuliza jina. Wako kina mama wengi wenye watoto wa kliniki huko Kinango. Lakini moyo wake ulisema ni Kadzo, na moyo una ukaidi wake.

"Mwambie amvishe," alisema. "Mwambie mimi mwenyewe nitakuwa ndani ya gari hilo atakapopita Bongwe."

Alikata simu, akabaki na maneno yake. Ndugu wa maiti hakai barabarani. Dada wa marehemu mahali pake ni ndani, juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa, akipokea watu. Kutoka na kwenda kusimamisha gari kama aendaye sokoni, siku hiyo, mbele ya kadamnasi ile! Hata yeye mwenyewe angemsema mwanamke wa namna hiyo, tena angemsema wiki nzima. Akamtazama Ummi. Mjane alikuwa amejiinamia. Kisha, bila kuinua kichwa, Ummi alisema kwa sauti ndogo, "Nenda. Mimi nipo naye." Subira akainuka.

Alipotoka nje wanaume walimgeukia. Alikuwa amejifunga leso juu ya buibui, ufunguo wa Kheri ameushika mkononi. Alipita katikati ya wanaume, akaenda mpaka ukingo wa lami, akasimama. Jua lilikuwa limepanda na lami imeanza kunuka joto. Alisimama muda ule ambao mtu husimama akingoja gari, tofauti ikiwa tu kwamba watu wote wa Bongwe walikuwa wakimtazama mgongo.

Gari lililokuja lilikuwa la Kinango, vumbi jekundu la kwao bado liko kwenye magurudumu. Zamu hiyo, kwa hakika, ilikuwa ya Kheri, lakini gari lake lilikuwa limeegeshwa kivulini na Rai alikuwa ametuma jingine lizibe pengo. Ndani mlikuwa na watu wachache tu. Kwenye kiti cha pili, karibu na dirisha, aliketi mwanamke na kijana mwembamba aliyemfikia begani, mwenye viatu.

"Bi Subira," alisema Kadzo. "Niliambiwa ni ndugu yako. Sikujua kama nije au nikae."

"Umefanya vyema kuja. Mtoto, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo," alisema kijana.

"Marahaba, mwanangu." Subira akapanda, akatoa nauli, utingo akasita kuipokea, naye akamkazia macho mpaka akaipokea. Kisha akakaa. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akawatazama waliokuwa nje, wajomba na majirani na madereva waliokula mandazi yake. Hakuwaita. Hakuwa na nguvu ya kuwaita, na kwa kweli alikuwa karibu kulia.

Wa kwanza kusogea alikuwa mzee Kombe wa duka la mkaa, ambaye alikuwa hasikii vizuri na huenda hakujua kwamba kuna mgogoro. Alipanda, akasema, "Bismillahi," akakaa. Baada ya mmoja kukaa, wa pili hana la kuogopa. Wakapanda wanawake wawili, kisha vijana, kisha gari likajaa na wengine wakabaki kulingoja linalofuata, ambalo walijua saa ya kuja kwake. Utingo alipokaribia kufunga mlango, Kheri alitokea dirishani kwa Subira. Alinyoosha mkono tu. Subira akampa ufunguo.

Habari za namna hiyo huenda mbio kuliko gari. Dada wa maiti mwenyewe kapanda la ratiba! Basi si aibu. Watu wakatoka. Kinango wakashuka Kombani, Kombani wakapokea na kuwapandisha Ukunda, Galu wakaletwa na tuktuk mpaka njia kuu, na huko likawangoja gari lenye nafasi. Mgonjwa alikaa na mfiwa, muuza mboga akampakata mtoto wa mwombolezaji. Watu waliokuwa wakienda na shughuli zao waliuliza nani amefariki, wakaambiwa, na baadhi yao wakaziacha shughuli na kuunga safari. Wazee wa Msambweni walisema hawakumbuki kuona maziko ya watu wengi namna ile, na wazee wa Msambweni hawapendi kukiri kwamba kuna jambo hawakuliona zamani.

Jeneza lilifika kwa gari la msikiti. Baada ya swala ya Alasiri lilitolewa, na kutoka kwenye dirisha la nyumba ya mama yake Subira aliliona likipita. Mnajua jinsi jeneza linavyokwenda kwetu. Hakuna mwenye kulibeba mwanzo hadi mwisho. Huyu huweka bega hatua chache, aliye mbele humwachia aliye nyuma, mkono unatoka mkono unaingia, na jeneza haligusi ardhi wala halisimami. Kila mtu anataka thawabu yake, na kila mtu anamwachia mwenzake. Subira alimwona Kheri akiweka bega na kutoa. Akamwona, kwa urefu wake usiofichika, Rai wa Kinango, amesimama pembeni kwa adabu ya mgeni wa dini nyingine. Mtu mmoja alimvuta mkono, akamwachia nafasi, na Rai akainama kidogo ili jeneza lisiende upande, akalibeba hatua zake, akalipokeza mbele. Subira alilitazama mpaka likazama kwenye watu. "Nimekuzika kwa ratiba, kaka," alisema moyoni, na neno lile lile likamchoma upya. Angetoa kila gari la chama ili amsikie akiitikia salamu mara moja tu.

Jioni alitakiwa arudi Bongwe, kwa mjane, kwenye matanga. Gari la kumrudisha lilikuwa la Kheri, limesimama upande wa pili wa barabara. Subira alianza kuaga. Lakini kuaga mashangazi wa Msambweni si kazi ya papara. Kila dua inataka amina, kila amina inaleta dua nyingine, na shangazi mkubwa hakuwa amemaliza habari ya jinsi Luqman alivyokuwa akipanda minazi utotoni. Subira aliona taa za gari zikiwaka. Akainua mkono: ningoje. Kheri alimtazama. Alimtazama vizuri kabisa, uso kwa uso. Kisha akaangalia saa, akaingiza gia, akaondoka.

Subira alibaki na mkono juu. Mwenyekiti wa chama, mfiwa, dada wa marehemu, kaachwa barabarani na dereva wake! Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Akavuka barabara, akaketi juu ya jiwe la kituo, akapanga maneno atakayomwambia Kheri, na yalikuwa maneno mazuri, yenye kukata. Hakupata kuyatumia. Simu ililia naye akaona jina la Kheri.

"Bi Subira, nisamehe. Niko Gazi, nateremsha watu. Nilikuona."

"Uliniona ukaniacha."

"Nilikuona nikakuacha. Saa yangu ilikuwa imefika." Kheri akavuta pumzi. "Asubuhi nilikuficha jambo, kwa sababu nilitaka njia ilale. Marehemu alikuwa akikaa pale barazani kila siku tangu tulipoanza ratiba. Alitusikiliza tukipita. Alizijua injini zetu zote, hata za Kinango alikwisha kuzijua. Nikichelewa, jioni lazima aniite. Ananikaripia kama mtoto. Ananiambia, 'Kheri, mimi sikuitaka ratiba hiyo. Lakini mtu asije akamwaibisha dada yangu.'"

Subira alisikia watu wa Gazi wakishuka, mlango ukifungwa, na Kheri akisema kwamba saa yake imefika tena.

Akaiweka simu mapajani, akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia asubuhi wala kutwa, akimlilia nduguye aliyekuwa akimrudishia sahani tupu na huku akimlindia magari yake kwa masikio. Wapita njia walisema pole, naye akawaitikia huku analia. Machozi yalipopungua aliusikia mngurumo mbali, upande wa kusini. Gari jingine lilikuwa linakuja, na halikuchelewa. Subira alijipangusa uso kwa ncha ya leso, akaifunga vizuri, na lilipofika lilimkuta amesimama, nauli mkononi.